Nusu Mikate ya Sarmandi

Kitongoji cha Jal,
Bishkek.
4 Mei 2025

Mwanangu mpendwa Mahliyo,

Habari za huko Perm? Natumaini karatasi hii inakukuta mzima, kifua kimeacha kukusumbua, na barafu ya mto Kama imeshakwenda zake. Mimi sijambo. Goti la kushoto linanitangazia mvua kabla ya redio, lakini macho, tangu yafanyiwe upasuaji, yananionyesha hata vumbi ambalo nisingependa kuliona. Mti wa aprikoti chini ya dirisha umemaliza kupukutisha maua na sasa umesimama kama mtu aliyesahau alichotaka kusema.

Simu zangu hupokei. Ujumbe najua unausoma, kwa sababu naona zile alama ndogo zikigeuka buluu. Sikulaumu. Ndiyo maana nimerudi kwenye karatasi. Karatasi haimwambii mwandishi kama imesomwa au la, na hilo humpa msomaji nafasi ya kupumua. Basi soma ukiwa umeketi, na chai iwe karibu. Nina habari moja na ombi moja.

Habari ni kwamba Sarmandi imefungwa. Wenye mchezo huo wa kompyuta walitangaza siku za Navruz, mwaka mpya wetu wa mwezi Machi, kuwa wachezaji wamepungua na mitambo inawagharimu mno. Jumatano iliyopita, saa kumi alasiri kwa saa za huku, wakaizima. Milima, ziwa, soko la juu ya daraja, nyumba yetu na ua wake, vyote. Nimeishi kuona nchi mbili zikifutwa. Ile nilimozaliwa ilifutwa nikiwa mtu mzima, na asubuhi yake trolibasi za Dushanbe, yale mabasi ya umeme, zilipita kama kawaida, zimejaa watu wanaokwenda kazini. Nilidhani nimeshazoea. Sikuwa nimezoea.

Utasema ni mchezo tu. Firdavs naye alisema hivyo, na mama yake, Zulayho, akamjibu majibu utakayoyasoma mbele. Lakini wewe na mimi tunajua lile lilikuwa nini. Tangu tukimbie vita Dushanbe mwaka wa tisini na mbili, baba yako na mdogo wetu Zulayho wakielekea Khujand na mimi nikiishia hapa, familia hii haikuwahi kuketi tena kwenye ua mmoja. Kisha Firdavs akaenda Kazan, wewe ukaenda Perm. Miji minne, mezani watu wawili hapa, mmoja pale. Ni kwenye kompyuta tu tuliketi wote.

Unaukumbuka ule mchezo wa kwanza? Ulikuwa bado unasuka nywele misuko mingi, na baba yako alikuwa akicheza kwenye klabu ya intaneti karibu na soko la Panjshanbe, kati ya vijana waliomwita "babu" na kumwomba awanunulie sambusa. Majira ya baridi umeme Khujand ulikatwa kila mara. Mhusika wake, lile jitu lenye pembe, lilikuwa likiganda palepale lilipokuwa, upanga umeinuliwa juu ya daraja, na sisi tunalizunguka tukilinda mpaka umeme urudi. Watu wa nchi nyingine wakipita walituuliza tunalinda sanamu gani. Mimi nilikuwa najifunza kuandika kwa vidole viwili. Nilijibu: "Ni kaka yangu. Kwao kumekatika umeme." Mtu mmoja, sijui wa wapi, akaketi akalinda nasi hadi mwisho. Namkumbuka mara nyingi kuliko majirani wengi niliowahi kuwa nao.

Baadaye ukaja ule wa visiwa vinavyoelea, ambako wewe ulikuwa na mabawa na hukutaka kutembea hata kwenda dukani. Mimi humo nilivua samaki majira yote ya baridi. Wengine walipigana na majoka. Mimi nilitupa ndoano, nikangoja, nikaona jua la kuchora likizama kwenye maji ya kuchora, na theluji ya kweli ikianguka nje ya dirisha langu. Miaka yangu yote kazini nilisahihisha vitabu vya watu wengine. Sijui kama niliwahi kutulia hivyo. Na Firdavs alikuwa kwenye ule wake wa nyota. Alisafiri siku nyingi peke yake kwenda kuona nyota iliyokufa, na mtu aliyemwita ndugu akamwibia chombo alipokuwa akiiangalia. Hasira zilipomwisha alituambia: "Lakini nyota niliiona."

Hata hivyo nyumba ilikuwa Sarmandi. Na Sarmandi ndiko kulikokuwa na mkate wako.

Nitaieleza siku ile ijapokuwa ulikuwepo, kwa sababu nadhani uliiona kutoka upande mmoja tu. Ulipoondoka kwenda Perm, ndege ilibadilishwa saa na mkatoka nyumbani mbiombio. Baba yako alirudi kutoka uwanja wa ndege akaukuta mkate mezani, mzima, umefunikwa kitambaa. Hukuuuma. Hakuna mtu wa ukoo huu aliyewahi kuvuka kizingiti kwa safari ndefu bila kuuma mkate na kuacha uliobaki ukutani umngoje. Mkate wa babu yako aliyekwenda vitani ulikaa kwenye msumari mpaka akarudi akaulowanisha kwenye chai na kuumaliza. Zulayho alianza kulia. Baba yako akawasha kompyuta, akakuita, nawe ulikuwa bado umeketi ukumbini pale uwanjani na simu mkononi.

"Ingia Sarmandi sasa hivi," alikuambia. "Mle mkate ukiliwa kidogo unabaki nusu. Uma, weka kashani."

"Baba, watu wanapanda ndege!"

"Wapande. Wewe uma."

Ukaingia kama yule mwizi wako mwenye nywele za kijani, ukauma, ukauweka ndani ya kasha la nyumba, kona ya chini, juu ya utepe wako. Mimi nilikuwepo uani. Niliona baba yako, lile jitu, akifungua kasha na kulifunga, akifungua na kulifunga, kama mtu anayepima joto la mtoto aliyelala.

Tangu hapo ikawa desturi. Nilipokwenda kufanyiwa macho niliuma wangu, nikarudi nikaumaliza. Firdavs aliuma wa kwake, akauweka karibu na viatu vyake, akasema ataula siku atakaporudi Khujand moja kwa moja. Na baba yako, ile wiki ya mwisho, aliniandikia: "Dada, naingia hospitali siku mbili tatu. Nimeuma." Wake ulikuwa kona ya juu, kando ya ngoma.

Majira yale ya baridi aliyofariki, mpaka kati ya nchi yenu na hii ulikuwa umefungwa. Mimi ningeweza kufika Batken, karibu na mpaka, kisha nikasimama upande huu nikitazama barabara. Sikwenda. Niliingia Sarmandi. Unajua sheria ya kule, mwenye nyumba akiondoka bila kuaga, mhusika wake hubaki uani, ameketi, amefumba macho. Nilikaa kando yake muda ule ambao wao walikuwa makaburini. Theluji ya Sarmandi, ile inayopanda badala ya kushuka, ilikuwa ikitoka kwenye mapaja yake kwenda juu.

Wewe ndege ilikuchelewesha, ukafika ameshazikwa, na Zulayho akakwambia lile neno mlangoni, mbele ya wanawake wote: kwamba kama umeshindwa hata kumzika baba yako, urudi ulikotoka. Ukarudi. Hukuingia tena Sarmandi, na kwetu hukupiga tena. Naelewa ulivyolipokea. Ulidhani aliyekuwa akiungoja mkate wako amekwisha kwenda, na waliobaki hawakutaki.

Sasa nikusimulie Jumatano.

Tulikubaliana tuingie wote mapema, tukae uani mpaka mwisho. Mimi na vipokea sauti vyangu masikioni, Zulayho kule Khujand, Firdavs ameegesha teksi yake huko Kazan na kompyuta ndogo kwenye usukani. Niliwaandikia wote, nawe nilikuandikia. Nilitaka uje uumalize mkate wako kabla nchi haijazimwa. Sikutaka jambo jingine. Firdavs naye alitaka kula wake, maana ameamua kurudi nyumbani majira haya ya joto, harudi tena Urusi. Zulayho hakusema anachotaka. Mhusika wake, yule mpiga mishale mfupi, alisimama mlangoni akiangalia nje. Nilidhani anaangalia ziwa.

Nje watu wengi walikuwa wamerudi, watu ambao hawakuonekana kwa miaka. Waliwasha taa za karatasi wakaziachia juu ya maji. Wengine walikuwa wakitembea tu, polepole, katika nchi ambayo kila mtu alikuwa na mazoea ya kukimbia. Mtu mmoja alikuwa akiaga farasi wake.

Ndipo Firdavs akasema, kwa sauti ya mtu aliyefanya jambo la maana, "Mama, lipige picha kasha sasa. Limekaa vizuri."

"Limekaaje vizuri?" Zulayho aliuliza.

"Nimelipanga. Kuna kitufe cha kupanga, nimekibonyeza. Tazama, silaha huku, nguo huku, chakula huku."

Nililifungua kasha. Ngoma ilikuwa huku, viatu kule, utepe wa kijani mahali pengine kabisa. Na kwenye kijumba kimoja cha chakula kulikuwa na picha ya nusu mkate, na pembeni yake tarakimu ndogo: tatu.

"We mtoto," Zulayho akasema taratibu, "mikate iko wapi?"

"Si hiyo hapo? Yote mitatu. Imebebana tu."

"Wa nani ni upi?"

Nilisikia honi za Kazan.

"Nakuuliza, wa nani ni upi?"

"Mama, vinavyofanana vinajipanga pamoja, ndivyo mchezo ulivyo..."

"Maisha yako yote chumba chako nimekipanga mimi! Soksi nilizitoa chini ya kitanda mpaka ukaota ndevu! Leo, siku ya mwisho ya dunia, ndiyo umepata akili ya kupanga?"

"Ni mikate ya kompyuta tu, mama."

"Kompyuta ni wewe! Tena ile iliyoharibika!"

Nilicheka, Mungu anisamehe. Lakini yeye hakuwa akicheka. Firdavs akaitenganisha, akaiweka mitatu kwenye vijumba vitatu, akasema haya, ona, imerudi. Iliyorudi ilikuwa imefanana kama matone. Mmoja wa marehemu, mmoja wake, mmoja wako, na hakuna duniani wala Sarmandi aliyeweza kusema upi ni upi.

"Nitachukua mmoja kwa kubahatisha," Firdavs alisema.

"Na ukiwa wa mjomba wako? Utamtafuna marehemu?"

"Basi mama mkubwa aamue. Mama mkubwa, sema."

Kabla sijafungua mdomo, Zulayho akaanza kuongea, na sauti haikuwa ile ya kukaripia. "Wa Mahliyo ulikuwa kona ya chini, juu ya utepe," alisema. "Niliujua. Kila Ijumaa nyinyi mkishatoka nilikuwa nalifungua kasha naangalia."

"Unaangalia nini?" nikamwuliza.

"Kama umeondoka. Kama amekuja sisi tusipokuwepo, akaula. Nilisema moyoni, hata akija kama mwizi, mradi aje."

Mahliyo, nimesoma kurasa nyingi maishani. Sikumbuki sentensi iliyonishika mkono hivyo. Miaka mitatu, yule uliyedhani amekufungia mlango ndiye aliyekuwa akilifungua kasha. Hakuniambia. Hakumwambia mwanawe. Na kama Firdavs asingelivuruga kasha lile, angenyamaza mpaka nchi izimwe, nami nisingekuwa na la kukuandikia leo isipokuwa habari za goti.

Niliamua hivi. Nilisema mikate iachwe, yote mitatu, asile mtu. Firdavs akanung'unika kwamba atarudije nyumbani bila kumaliza wake. Mama yake akamwambia, "Wewe njoo. Nitakuokea mwingine, nikupige nao kichwani." Kisha tukaenda kuketi, watatu, kandokando ya baba yako.

Saa kumi ilipokaribia sauti zilianza kuondoka kwanza. Maji yalikuwa yakigonga ufuko bila mlio. Taa za karatasi zikasimama hewani. Ziwa likawa rangi tupu, buluu iliyonyooka, kisha milima ikapoteza theluji yake, kisha umbo lake, kama mtu anayevua koti halafu jina. Ua wetu ulibaki kidogo zaidi. Na kabla ya giza, naapa, nilimwona baba yako akifumbua macho. Firdavs anasema ni mitambo, kwamba picha zikishindwa kufika, sura hurudi kama ilivyochorwa mwanzo, na kila mtu kule alichorwa akiwa macho. Huenda. Zulayho alimwona pia. Alisema tu, "Ameamka," nasi tukakaa na vipokea sauti masikioni, tukisikilizana tukipumua, muda mrefu baada ya skrini kuwa nyeusi.

Sasa ombi.

Mpaka umefunguliwa, kama ulivyosikia. Wiki ijayo naenda Khujand kwa barabara ya Batken, mara ya kwanza tangu ufungwe, kukaa na Zulayho na kulisafisha kaburi la kaka yangu. Nitakaa hadi zabibu ziive. Ni safari ndefu kwa mtu wa umri wangu, na safari ndefu haianzwi bila kuuma mkate. Lakini hapa naishi peke yangu. Nikiuma na kuutundika kwenye ukuta huu, utaningoja nani? Kalenda?

Kwa hiyo juzi nilikwenda kwa Meerim, jirani wa chini mwenye tanuri uani. Nilikanda unga mwenyewe, nikauchoma katikati kwa muhuri wa mikate wa mama yetu, ule wa maua uliosafiri nami tangu Dushanbe ndani ya soksi. Asubuhi ya leo nimeuuma. Uliobaki nimeufunga kwenye kitambaa cheupe, na kaka yake Meerim, anayeendesha lori hadi huko Perm, atakuletea pamoja na karatasi hii. Ni mtu mpole. Mpe chai, na usimwache aseme ana haraka.

Uutundike ukutani, mahali pakavu, mbali na jiko. Hautaharibika, utakuwa mgumu tu, na ugumu hauna madhara. Huna haja ya kupiga simu. Huna haja ya kumsamehe mtu kabla hujawa tayari. Nakuomba uutunze tu, kwa sababu mwenye mkate uliobaki ukutani mwa mtu hana budi kufika kwa mtu yule aumalize. Nikitoka Khujand, kabla theluji haijaanguka kwenu, nitapanda ndege, mimi niziogopaye kama unavyojua, na nitagonga mlango wako. Wewe uliyedhani huna tena anayekungoja, sasa mimi nakuomba uningoje.

Nisalimie Rustam mumeo, na wajukuu zangu Ziyoda na Olim. Waambie bibi anakuja na ataomba afundishwe mchezo wanaoucheza siku hizi, na wasimcheke akitaka kuvua samaki. Firdavs anakusalimu na anaomba radhi kwa kitufe. Zulayho hakusema nikusalimie. Alisema nikwambie kwamba utepe wako ulikuwa wa kijani kibichi, siyo kijani cha giza, na kwamba ameanza kutafuta mwingine wa rangi ileile pale Panjshanbe.

Mungu akupe nyumba yenye joto, na mlango unaofunguka kwa ndani na kwa nje. Wala usicheke ukiona alama za meno kwenye mkate. Ya juu ni ya bandia, lakini njaa ni yangu mwenyewe.

Akupendaye na atakayekuja,
Shangazi yako,
Sanavbar